Gauti: la kufanya ikiamka, na la kufanya ikilala

Mimi ni fundi nguo, na cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa mguu. Gauti, ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, ilipochagua kidole gumba cha mguu wa kulia, ilikuwa imegusa riziki moja kwa moja. Haya ninayoandika ndiyo ninayomweleza kila mteja anayekuja kupimwa suruali akanikuta nimevaa kiatu mguu mmoja na kandambili mguu wa pili.

Mwili ukivunjavunja purini, kemikali ambazo zimo kwenye chembe zetu wenyewe na kwenye baadhi ya vyakula, kinachobaki ni asidi ya yuriki. Figo ndizo zenye kazi kubwa ya kuitoa kwa mkojo. Zisipotoa ya kutosha, inajaa kwenye damu. Ikipita karibu miligramu 6.8 kwa desilita haiyeyuki tena vizuri, inaganda kuwa fuwele nyembamba zenye ncha kama sindano, nazo zinapenda kukaa kwenye viungo, hasa vya miguu. Zinaweza kukaa humo miaka bila kukusumbua. Siku kinga ya mwili ikizishtukia, kiungo kinavimba, kinakuwa chekundu, kinawaka moto.

Mara nyingi huanza usiku, na ndani ya saa 24 maumivu huwa yamefika kileleni. Kwa hiyo dawa inywewe mapema, usisubiri kuona kama itapoa yenyewe. Zipo za aina tatu: kolchisini, dawa za jamii ya ibuprofeni, naproksini na indometasini, na steroidi kama prednisoloni. Ipi ni yako inategemea mwili wako. Mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia asijinunulie tu ibuprofeni au diklofenaki kwa sababu jirani ilimfaa. Ongea na daktari ukiwa mzima, akuandikie dawa ya kuweka ndani, na dozi iandikwe kwenye pakiti kwa kalamu nene. Saa nane za usiku hakuna anayekumbuka dozi.

Mimi nimeandikiwa kolchisini: miligramu 1 mara tu ninapohisi inaanza, nusu miligramu saa moja baadaye, basi kwa siku hiyo. Zamani watu walimeza kila baada ya saa moja au mbili hadi waharishe. Mtindo huo umeachwa, maana dozi ndogo inatuliza vilevile bila kukumaliza tumbo, na kolchisini ikizidi ni sumu inayoua. Ina ugomvi pia na baadhi ya dawa, mojawapo ni antibayotiki iitwayo klarithromaisini, kwa hiyo mwuzaji wa dawa ajue kila unachomeza. Figo zako zikiwa na shida, dozi hiyo yangu si yako.

Kisha pumzisha mguu, uuinue juu ya mto. Barafu ifungwe kwenye kitambaa, iwekwe kama dakika 20, itolewe, irudiwe baadaye. Usiruhusu mtu akusugue au kukuchua, hata akiwa na nia njema kiasi gani. Kunywa maji, na pombe iwekwe kando kabisa.

Shuka ni kesi yake peke yake. Asiyeugua haamini kwamba shuka likigusa kidole mtu anaweza kupiga kelele. Nilichukua boksi gumu, nikakata upande mmoja mlango wa kupitisha mguu, nikaligeuza juu chini kitandani. Shuka linakaa juu ya boksi, kidole kiko chini yake hakiguswi na kitu. Kandambili nayo niliikata ukanda wa mbele nikaushona upya kwa mpira mpana wa kiunoni, ule wa sketi. Unatanuka pamoja na uvimbe.

Ukiona homa, kutetemeka kwa baridi, au kiungo kimevimba hivyo kwa mara ya kwanza maishani, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kiungo kilichoingiwa na bakteria kinafanana sana na chenye gauti, lakini kikicheleweshwa kinaharibika. Daktari anaweza kuvuta maji ya kiungo kwa sindano yakatazamwe kwa hadubini, na hapo ubishi unaisha.

Shambulio kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili. Mguu unaingia kwenye kiatu, mtu anasema amepona. Hajapona. Dawa zote nilizotaja zinazima uvimbe tu, fuwele zimebaki palepale.

Kwa hiyo mguu ukitulia, kapime asidi ya yuriki. Kipimo cha wakati wa shambulio hudanganya, kinaweza kuonyesha kiwango cha kawaida. Subiri angalau wiki mbili maumivu yaishe ndipo urudie. Namba ya kuikamata ni chini ya miligramu 6 kwa desilita, au mikromoli 360 kwa lita kama maabara yako inatumia kipimo hicho. Mwenye vinundu vigumu kwenye vidole, viwiko au masikio hulenga chini ya 5. Ukibaki chini ya hapo muda mrefu, fuwele zinayeyuka kidogokidogo.

Anayepata mashambulio mara kwa mara, au mwenye vinundu, kwa kawaida huandikiwa alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo. Huanzwa kidogo, miligramu 100 au pungufu kwa siku, ikapandishwa taratibu huku damu ikipimwa, hadi namba ifikiwe. Sasa sikiliza vizuri: miezi ya mwanzo gauti inaweza kuamka mara nyingi zaidi, kwa sababu fuwele zinaanza kumomonyoka. Hapa ndipo wengi wanapoitupa dawa wakisema imewadhuru. Muulize daktari kuhusu kolchisini ya dozi ndogo ya kila siku kwa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, ndiyo kinga yake. Na shambulio likija ukiwa tayari unatumia alopurinoli, usiiache, endelea nayo. Cha kukufanya uiache papo hapo ukakimbilie hospitali ni vipele mwilini, vidonda mdomoni au homa baada ya kuianza. Ni nadra, ila hakifanyiwi mzaha. Dawa yenyewe ni ya miaka, kama ya presha.

Chakula? Watu wakisikia gauti wanaitazama sahani tu, kama vile mgonjwa kajitakia. Sehemu kubwa ya asidi hii mwili unaitengeneza wenyewe, na wengine tumerithi figo zinazoitoa kwa uvivu. Kujinyima peke yake hushusha namba kidogo. Hata hivyo yapo ya kupunguza kweli: bia na pombe kali, soda na juisi zilizotiwa sukari, maini, figo, nyama nyekundu nyingi, sadini na samaki wadogo wa aina hiyo. Maharage na mchicha vimesingiziwa. Purini za mimea hazijaonekana kuleta gauti kama za nyama. Maziwa yasiyo na mafuta mengi hayana tatizo, na kahawa pia. Ukiwa mnene punguza uzito polepole, maana kujishindisha njaa ghafla kunapandisha asidi. Maji kunywa ya kutosha, isipokuwa kama moyo au figo zako zimewekewa kipimo cha maji.

Mwisho, kusanya dawa zako zote kwenye mfuko mmoja uende nazo kliniki. Haidroklorothiazidi na furosemidi, ambazo wenye presha na moyo hupewa kupunguza maji mwilini, hupandisha asidi ya yuriki. Aspirini ya dozi ndogo nayo hivyohivyo, na pirazinamidi ya kifua kikuu pia. Usiache hata moja kwa uamuzi wako, hasa ya moyo na ya kifua kikuu. Lakini kama unatibiwa presha, uliza kama losartani inakufaa, kwa sababu yenyewe huishusha asidi hiyo kidogo.