Abiria akikataa helmeti: ninavyofanya stejini Busia, Uganda

"Kichwa ni changu," mama mmoja wa sokoni aliniambia, ametoka kusuka asubuhi ile ile. Hakukosea. Kichwa ni chake na nywele kazilipia. Ndiyo maana siku hizi simwambii abiria habari za sheria. Ukitaja sheria anawaza faini tu, na mkishampita askari anaivua helmeti.

Ndugu yangu wa boda, anza na kile anachokikataa. Wengi wanakataa jasho la mtu mwingine. Sponji ya ndani itoe kila jioni, ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke. Mfukoni weka kofia za plastiki za kuogea, au mwambie atangulize leso yake. Petroli usiisafishie kabisa, inakula lile povu jeupe la ndani.

Halafu mfunge mkanda. Vidole viwili vipite chini ya kidevu, visizidi. Isukume helmeti kwa nyuma kuelekea mbele. Ikichomoka, ni kubwa, mpe nyingine.

Iliyokwisha kuanguka na kichwa cha mtu ndani, itupe. Mimi nilianguka njia ya Majanji, mbuzi alinikatizia. Nje helmeti ilikuwa na mkwaruzo mdogo tu, nikataka kuendelea nayo. Nilipofungua kitambaa cha ndani nikakuta povu limebonyea upande wa kushoto, kama posho, yaani ugali, iliyobonyezwa kwa kidole gumba. Povu hilo likishabonyea halirudi. Nililishika muda mrefu. Pale ndipo lingekuwa fuvu langu.

Akikataa bado, usimvalishe kwa nguvu. Mwaka 2020, wakati wa korona, tulikatazwa kubeba watu, tukaachiwa mizigo. Najua uchungu wa kuambiwa jambo ni kwa usalama wako na sufuria nyumbani ni tupu. Lakini helmeti haimzuii mtu safari yake wala haimnyimi chakula. Kwa hiyo nasema kwa heshima: "Mama, kichwa ni chako, pikipiki ni yangu. Tukianguka, mimi ndiye nitakayekuokota." Asipokubali, nauli naiacha iende. Inauma, hasa siku ya mvua.

Yule mama alipanda pikipiki ya nyuma yangu. Wiki iliyofuata alirudi, leso kaifunga tayari, akanyoosha mkono nimpe helmeti.