Fangasi kwenye mirija ya nyongo, fuata hivi

Jamani ukiwa na mgonjwa hapa Moshi macho yamekuwa ya njano, homa na kutetemeka, anaumwa juu kulia chini ya mbavu, usimpe dawa ya malaria ukakaa kusikilizia. Mtoe nje mchana umwangalie macho, maana taa ya ndani inadanganya, halafu uliza mkojo, ukiwa kama chai ya rangi iliyokolea na choo kimepauka basi nyongo haishuki, wahi hospitali siku hiyohiyo.

Wataanza na damu na altrasaundi kuona mirija imetanuka au la. Sasa wengi hukwama hapa, picha inaonyesha kizibo, wanadhani jiwe au uvimbe kumbe wakati mwingine ni bonge la fangasi, hasa aina iitwayo kandida. Kwa hiyo wakiingiza kamera kuzibua, omba maji ya nyongo yachukuliwe yakaoteshwe maabara kutafuta fangasi pia, sio bakteria tu. Na sema ukweli wote: sukari, steroidi, antibayotiki za muda mrefu, stenti ya zamani (kijibomba kinachowekwa mrija ubaki wazi), usifiche.

Tiba ni mbili kwa pamoja, kuzibua na dawa. Vidonge peke yake kizibo kikiwepo ni kazi bure, na stenti chafu hutolewa au kubadilishwa. Flukonazoli, dawa ya fangasi, hutumika sana ila kandida aina ya krusei haisikii, ndo maana majibu ya maabara yafuatiliwe. Kama mgonjwa anameza glibenklamidi, dawa ya kisukari, mwambie daktari, hiyo na flukonazoli zikikutana sukari inashuka vibaya.