Goti langu, mbuzi ya nazi na vidonge

Miaka ya kuinamia mwani pale Paje, Unguja, na jioni kukaa juu ya mbuzi nikikuna nazi, goti la kulia likanigomea. Siku moja nilishindwa kunyanyuka kwenye tahiyatu mpaka mjukuu akanishika mkono. Wenzangu wakasema baridi yabisi. Daktari akasema gegedu, ule ulaini unaokaa baina ya mifupa, limelika, na hakuna kidonge kinacholirudisha. Nilinuna, maana nilikwenda kutaka sindano.

Alichonipa ni kiti. Kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa, kunja mikono kifuani, simama bila ya kujisukuma, kisha shuka polepole ukihesabu moja mpaka tatu kabla hujagusa kiti. Kazi yenyewe ipo kwenye kushuka, ukijibwaga umejidanganya. Mie nilianza na mara 5, tena kiti nimekipandisha kwa mto. Sasa nafanya 10, napumzika, narudia mara tatu, siku moja nafanya siku moja naacha. Usiku kitandani naunyoosha mguu, nakaza paja, naunyanyua shibiri moja na kuhesabu mpaka 5. Msuli wa paja ukipata nguvu, goti hupunguziwa mzigo.

Kutembea natembea maji yakitoka, kwenye mchanga mgumu uliolowa. Mchanga mkavu unazama na kulipinda goti. Mkongojo nashika mkono wa kushoto, upande wa pili wa goti bovu. Watu wengi wanakosea hapo.

Litauma, usikimbie. Likiwa kesho wakati kama huu bado linauma kuliko kawaida yake, au limevimba, punguza nusu, lakini usiache. Likiwa jekundu, la moto, na homa juu, hayo si ya kiti, nenda hospitali.

Sasa dawa. Anza na ile ya kupaka ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Goti lipo karibu na ngozi, na dawa kidogo tu ndiyo inayoingia kwenye damu. Vidonge vya jamii hiyo viwe vya siku mbaya, vichache, kwa siku chache, na tumboni pawe na chakula. Mwenye presha, figo, moyo, vidonda vya tumbo au anayekunywa dawa za kuyeyusha damu asimeze kabla hajamuuliza daktari. Wala usichanganye vidonge vya ibuprofeni na vya diklofenaki ukidhani ni dawa tofauti kwa vile maboksi ni mbalimbali. Hao ni ndugu, jamii moja.

Nayasema kwa yaliyonipata. Ramadhani moja nilikuwa nikifungua kwa tende, maji na vidonge viwili kwa pamoja, futari baadaye. Aliyeniuzia hakuniuliza kitu, nami sikumuuliza. Wiki ya pili choo kikawa cheusi kama lami. Hiyo ni damu ya tumboni, haisubiri asubuhi. Siku hizi kama ni lazima nimeze, ni baada ya kushiba futari, kwa kipimo nilichoandikiwa.

Na kosa jengine: nilikuwa nikimeza ili nibebe gunia la mwani lililorowa. Maumivu yakinyamaza, goti nikalitwika zaidi, usiku halilaliki. Sasa ikibidi nimeze, nafuu yake naitumia kwa kiti. Gunia anabeba kijana.

Mbuzi yangu fundi kaiongeza miguu. Imekuwa ndefu kama stuli, wakwe zangu wanaicheka, na nazi zinakunika vile vile.