Jinsi ya kuwahesabu virukanjia msituni bila kuwaua

Kirukanjia sio panya jamani, huyu anakula wadudu na minyoo na mwili wake unachoma chakula haraka sana, ndo maana akikaa mtegoni masaa machache tu bila kula anakufa. Kwa hiyo chimbia ndoo mpaka mdomo ulingane na ardhi, toboa chini maji ya mvua yatoke, ziweke kwa mstari kila baada ya mita 5 hivi, halafu pitisha ukuta wa nailoni katikati ya mstari juu ya ndoo zote, mnyama akiufuata anadumbukia. Weka majani makavu na minyoo ndani, kagua alfajiri na jioni, usiku pia kama unaweza, hapa usifanye uvivu kabisa.

Rudia kwenye miinuko tofauti maana spishi zinabadilika ukipanda. Andika urefu kutoka usawa wa bahari kila mara. Kirukanjia aitwaye Myosorex zinki yuko Kilimanjaro tu, na mwenzake Congosorex phillipsorum wa milima ya Udzungwa alitambulishwa kisayansi 2005, msitu wao ukikatwa hawana pa kuhamia. Kibali kwanza lakini.