SOMO: Pikapu ya dizeli inayovuta tela inakunywa mafuta kupita kiasi, anzia hapa kabla hujanunua nozeli (zinazopulizia dizeli kwenye silenda)

Wakuu habari zenu.

Wiki hii peke yake nimeulizwa hili swali mara sita. Pikapu ya dizeli, inavuta tela, mafuta yanakata haraka, nibadilishe nini? Naandika mara moja, yote ninayoyajua, na kuanzia leo nikiulizwa nitamleta mtu hapa. Ni marefu ila someni, maana inaniuma kuona watu wanatoa vifaa vizima na kutupa hela wakati kinachokula mafuta kipo palepale kinaendelea.

Fuata mpangilio huu huu, unaanza na vya bure.

1. PIMA. Mkono wa geji ya dashibodi sio kipimo. Jaza tenki mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, usiongezee hata kidogo, andika kilometa. Tembea kilometa 300 au zaidi, rudi pampu ileile ujaze vilevile. Lita zilizoingia gawanya kwa kilometa ulizotembea, zidisha kwa 100. Mfano lita 61 kwa kilometa 430 ni lita 14.2 kwa kila kilometa 100. Fanya mara mbili gari tupu, mara mbili ukiwa na tela, na uandike pembeni uzito wa mzigo na spidi uliyokuwa unatembea. Sasa hapo una jibu nusu tayari: kama tupu iko sawa na tela ndio inaua, shida ipo kwenye tela, kwenye mwendo wako, au kwenye kitu kinachoachia pale tu injini inapobeba. Kama hata tupu ni mbaya, shida ni gari lenyewe.

2. Upepo wa tairi, zikiwa baridi, kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, na tairi za tela zina kipimo chake.

3. Filta ya hewa na filta ya dizeli, kama muda umepita badilisha.

4. Breki zinazoshika. Tembea kama kilometa 20 bila kukanyaga breki sana, simama taratibu, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu, USIGUSE, unasikilizia joto tu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake hapo pedi haziachii, au hendibreki imekaza, au beringi inakufa. Tairi za tela pia! Watu wanakagua gari wanasahau tela, na tela ndiyo inakaa wiki tatu kwenye mvua breki zinaota kutu.

5. Thamostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini. Ikikwama wazi injini haifiki joto lake, inatakiwa kucheza kwenye nyuzi 80 na kitu mpaka 90 na kitu. Injini ya baridi inachoma vibaya, kompyuta inaongeza dizeli, na kama una DPF, ile filta ya masizi kwenye bomba la moshi, haitajisafisha vizuri. Ukiona mkono wa joto unapanda mlimani na kushuka kwenye tambarare kila mara, ndiyo hiyo.

6. MIPIRA YA INTAKULA, yaani mipira ya hewa kati ya tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini), intakula (kipoza hewa hiyo) na injini. Hapa ndipo nilipoumia kwahiyo nivumilieni. Pikapu yangu ilikuwa na tela inakula lita 13, ikapanda mpaka 17, tupu ikabaki 9 na nusu kama zamani. Mlimani moshi mweusi kidogo, nguvu imepungua kidogo, taa ya injini haijawaka. Fundi akasema nozeli, nami sikudai kipimo chochote, tukaweka nne mpya. Lita 17 vilevile. Ikaanza hadithi ya tabo, na tabo tulikuwa tumeshaianza kuifungua pale nilipopitisha mkono kwenye mpira wa chini unaotoka tabo kwenda intakula na vidole vikatoka na masizi yenye oili. Upande unaotazama chasisi kulikuwa na mpasuko wa urefu wa pingili moja ya kidole. Ukiutazama injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, umefunga kabisa, huwezi kuuona, kwa sababu hakuna presha. Ukiuminya kwa vidole viwili unafunguka kama mdomo. Sasa fikiria kinachotokea mlimani: sensa ya hewa imeshahesabu hewa iliyopita, kompyuta inamwaga dizeli ya hewa hiyo yote, kumbe sehemu ya hewa imetokea njiani haijafika kwenye silenda, dizeli inabaki bila hewa ya kuichoma, ndiyo ule moshi mweusi. Gari tupu tabo haipulizi sana kwahiyo huoni kitu. Miezi mitatu, kwa mpira mmoja.

Kuupima: fungua mpira kwenye tabo na mwingine kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silenda), ziba mwisho mmoja, mwingine weka kizibo chenye valvu ya tairi, jaza upepo, pulizia maji ya sabuni kila ungio na ubavu wote wa mipira na pembe za intakula, angalia mapovu. Tahadhari zake:

- Usizidishe bar 1. Kizibo kikichomoka kinaruka kama risasi, kaa pembeni yake, usikae mbele.
- Usipulizie etha au spreyi yoyote inayowaka kutafuta uvujaji injini ikiwa inaunguruma. Ikivutwa ndani inaweza kuvunja pistoni.
- Hesabu matambara kabla na baada. Tambara likibaki ndani ya mpira litavutwa.
- Kabla ya kurudisha futa oili kwenye mpira na kwenye bomba mpaka pakauke, ndio ufunge klipu. Ukifunga na oili utachomoka mlima wa kwanza. (Oili nyembamba ndani ya mipira ni kawaida, msipige kelele za tabo. Ikiwa inachuruzika hiyo ni kesi nyingine.)

7. MWENDO. Hii hamtaki kuisikia. Ukinzani wa upepo unakua kwa mraba wa spidi, kutoka 80 kwenda 100 unaongezeka kama asilimia 56, na tela refu la boksi ni ukuta. Kabla hujanunua kitu tembea tenki moja zima kwa 80 halafu upime. Gia: usiilazimishe gia ya juu kabisa wakati injini inanung'unika. Ya otomatiki ikianza kurukaruka kati ya tano na sita, izuie ya sita au washa mfumo wa kuvuta kama unao, ule urukaji unapasha oili ya giaboksi na kula mafuta.

8. Kupanga mzigo. Uzito unaokaa kwenye ndoano uwe asilimia 10 mpaka 15 ya tela, yaani tela la kilo 2,000 ni kilo 200 hadi 300. Ukizidi mkia wa gari unakaa, ukipungua tela linayumba, na hilo la pili linaua watu.

9. Nozeli, MWISHO. Na zipimwe kwanza, kile kipimo cha chupa nne zinazopokea mafuta yanayorudi. Ikirudisha moja sana kuliko wenzake ndio mjadala uanze.

Maswali leteni.

——

dereva_wa_usiku: Mkuu yangu inakula sana nifanyeje

MWANDISHI: Namba 1. Rudi na namba.

kifaru_d4d: Somo zuri. Mimi jamaa ananiambia nitoe DPF niweke na chipu, mafuta yatashuka sana. Kuna haja ya hizi hatua zote tisa?

MWANDISHI: Haja ipo. Chipu inaongeza dizeli na presha, kama mpira wako umepasuka itakupasulia zaidi. Kutoa DPF sehemu nyingi ni kosa la kisheria na masizi yote mnavuta nyie na watoto wenu. DPF inayojisafisha kila mara inakuambia kuna kitu kinatengeneza masizi mengi, mara nyingi ni huohuo uvujaji wa hewa, au EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) iliyokwama wazi, au injini baridi. Tibu hicho.

kifaru_d4d: Sijasema natoa, nimeuliza tu

MWANDISHI: Sawa ndugu, nimekujibu kwa ukali, samahani. Kitu kimoja angalia leo: kijiti cha oili. DPF ikijisafisha mara nyingi bila kumaliza, dizeli inashuka kwenye oili na kiwango KINAPANDA. Oili ikipita alama ya juu wakati hujaongeza, usiendelee kuvuta tela, mwaga.

mama_kontena: Kaka asante sana. Nina swali la tairi. Nimetoka 265/70R17 nikaweka 285/70R17, tangu hapo mafuta yamepanda. Ni uzito wa tairi au kuna kingine?

MWANDISHI: Dada hili swali nimelipenda. Kuna mawili. La kwanza ni hesabu: tairi ya zamani ina kipenyo cha milimita 803 hivi, mpya 831, kubwa kwa asilimia 3 na nusu, kwahiyo odometa yako inahesabu pungufu. Ikisema 430 umetembea 445. Zile lita 61 za mfano wangu wa namba 1 sio 14.2 tena, ni 13.7. Nusu lita nzima imepotea kwenye karatasi tu, haijachomwa. Na spidi pia, ukisoma 100 upo 103 au 104. La pili ni la kweli, tairi ni nzito, na umerefusha gia zako, ukiwa na tela injini inafanya kazi chini ya mzunguko wake mzuri, kwahiyo tembea na gia moja chini kuliko ulivyozoea. Zidisha kilometa zako kwa 1.035 upime upya, na utuletee.

mama_kontena: Nimepiga ya tenki lililopita, imetoka 14.9 badala ya 15.4. Kumbe!

twiga_mrefu: mlima ukishuka natoa gia nyutro, inaokoa sana

MWANDISHI: Haiokoi. Ukiwa kwenye gia umeachia mafuta, injini za kisasa zinakata dizeli kabisa, sifuri. Nyutro injini lazima ichome ili isizimike. Na una tani mbili nyuma zinakusukuma na breki peke yake. Acha leo.

twiga_mrefu: nimefanya miaka kumi

MWANDISHI: Acha leo.

fundi_mdogo: Mkuu mimi nimepima mara nne kama ulivyosema. Tupu 9.8, 9.6. Na tela 16.9 na 17.3, tela kilo 1,400 tu, flati sio boksi, spidi 85. Mipira ya intakula nimeipima kwa sabuni bar 0.8 haina povu. Joto la injini 88. Nakwama wapi?

MWANDISHI: Hivi ndivyo swali linaulizwa! Umeshaliondoa gari kwenye lawama mwenyewe. Hamia kwenye tela. Weka tela kwenye jeki, kabari kwenye tairi za upande wa pili, zungusha kila tairi kwa mkono: linapaswa kuzunguka lenyewe na kufa taratibu. Likisimama papo hapo breki imeshika. Ukisikia mkwaruzo mkavu ni beringi. Halafu pima umbali kati ya tairi mbili za mbele za tela na za nyuma, kushoto na kulia, ekseli ikikaa mshazari tela linaburuta tairi ubavu, utaona zinalika kama msumeno. Na turubai! Turubai linalopepea juu ya flati ni parachuti, lifunge mpaka lisisikike.

bibi_gia: Naongezea kwa fundi_mdogo, kile kipimajoto cha kulenga kwa taa nyekundu ni bora kuliko mkono, habu zote nne unazisoma dakika moja. Mimi najua beringi inakufa kabla haijalia.

MWANDISHI: Shikamoo bibi, hiyo ni kweli kabisa. Lenga sehemu ileile kila habu, sio moja habu nyingine rimu.

fundi_mdogo: Nimerudi. Kulia nyuma ya tela haizunguki hata nusu. Nimefungua breki, kiatu kimoja kimeganda kwenye pini na dramu imekuwa ya bluu. Nimesafisha, nimepaka grisi ya breki, nimerekebisha. Tenki la leo 13.4, spidi ileile mzigo uleule. Swali: dramu ya bluu naiacha?

MWANDISHI: Hongera sana. Usiiache, bluu maana yake chuma kimeungua, kitapata nyufa. Badilisha dramu na viatu vya pande ZOTE mbili za ekseli hiyo, na sili ya grisi ya habu hiyo (mpira unaozuia grisi isivuje) ibadilishwe, joto lile limeshaipika.