Kubadilisha lenzi pwani bila kuingiza vumbi kwenye sensa

Mchanga wa Paje na Jambiani, Zanzibar, ni laini kama unga, na kusi ikivuma huingia kila mahali. Ukiweza, ingia ndani ya gari, funga vioo, zima feni, ndipo ubadilishe.

Ikibidi hapo hapo, zima kamera. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) huacha sensa, yaani kile kibapa kinachonasa picha, wazi lenzi ikitoka. Kama yako inaweza kufunga shata (pazia la mbele ya sensa) ikizimwa, washa mpangilio huo. Upe upepo mgongo. Pitisha brashi pale lenzi inapoungana na bodi, maana chembe za hapo ndizo huangukia ndani. Legeza kifuniko cha nyuma cha lenzi mpya, inamisha kamera mdomo utazame ardhi, toa ya kwanza, pachika ya pili mara moja. Na vifuniko vyenyewe vioshwe: vumbi lililojificha humo huhamia nyuma ya lenzi, kisha kwenye sensa.

Ndani ya ngalawa usithubutu. Rasharasha za chumvi zikikauka juu ya sensa, pampu ya mpira ya kupulizia vumbi haiziondoi.

Usipulize kwa mdomo; mate huacha doa. Jioni piga anga tupu kwa f/16 (tundu dogo la lenzi), fokasi ikiwa imevurugwa. Ukiona vidoa vya kijivu, inamisha kamera, fungua shata kwa menyu ya kusafishia, pulizia pampu bila kugusa. Doa la juu kwenye picha liko chini kwenye sensa. La kushoto hubaki kushoto ukiitazama kamera kwa mbele.