SOMO: Velo ya kulala kwenye breve, kuanzia kilomita 200 mpaka 600 (soma kwanza, uliza baadaye)

Kila wiki ujumbe ni uleule: "Mukubwa, ile kinga (velo) unayoendesha umelala, inaweza kufika Likasi na kurudi?" Inaweza. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Kwa wageni: velo ya kulala ni ile unayoendesha umeegemea kiti chenye mgongo, pedali ziko mbele. Breve ni safari ndefu ya velo, si mashindano. Unapewa kadi, unagongewa muhuri kwenye vituo, unatakiwa kumaliza kabla muda haujafungwa. Sisi hapa Lubumbashi tunafuata muda wa Audax Club Parisien, klabu ya Ufaransa inayosimamia breve: kilomita 200 ni saa 13 na nusu, 300 ni saa 20, 400 ni saa 27, 600 ni saa 40. Piga hesabu, utaona ni kama kilomita 15 kwa saa, na humo ndani mna kula, kukojoa na kuziba pancha. Kutoka Lubumbashi kwenda Likasi na kurudi ni kama 240. Kolwezi na kurudi inakaribia 600. Barabara ni ileile, na malori ya shaba ni yaleyale.

1. Velo. Iwe nzima, breki mbili zinazoshika.

2. Bomba la mbele. Hapa tulia. Hili ndilo linalobeba pedali, na huingizwa au hutolewa mpaka lilingane na mguu wako. Kwenye velo ya kawaida, kiti kikiwa juu sana utajikuta unayumba matako, mwili unajitafutia nafuu. Kwenye ya kulala mgongo umebanwa na kiti, hauna pa kwenda, kwa hiyo kosa lote linaingia kwenye goti. Bomba likiwa fupi, utaumia mbele ya goti. Likiwa refu, utaumia nyuma ya goti na kwenye mshipa wa kisigino. Mimi nililifunga jioni ya kuamkia safari, nikasema "inatosha". Baada ya Lwisha goti likagoma, nikarudi nyumbani nyuma ya kamioneti na velo juu ya magunia.

Kupima: kaa, mgongo wote uguse kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo mbali kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kusogea. Ukihamia kwenye sehemu pana ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Hapo ndipo. Halafu:

- Usiguse bomba wiki ya safari. Kabla ya hapo, songeza milimita 5 tu kwa mara moja, kisha endesha.
- Angalia halijapinda upande. Likizunguka kidogo tu, goti moja litabeba deni la yote mawili.
- Chora mstari wa rangi ya kucha pale bomba linapoingia kwenye fremu. Mashimo ya barabara hulisukuma ndani polepole, nawe hutajua. Mstari utakuonyesha.
- Funga bomba KABLA ya kukata shene (mnyororo). Ukilitoa sentimita 1, shene inahitaji 2, maana inakwenda na kurudi.

3. Shene. Ni ndefu, inakula shene mbili na nusu mpaka tatu za kawaida. Nunua zote mpya, za aina moja. Usiunge mpya na ya zamani. Beba mashine ya kutolea pini.

4. Miguu. Ifungwe kwenye pedali. Hata kamba ya mpira uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa zamani inafaa. Mguu ukidondoka ukiwa kasi, hasa kwenye ile ya magurudumu matatu, unaburutwa chini ya velo. Sitanii.

5. Mlima. Huwezi kusimama juu ya pedali. Dawa ni plato (gia ya kwenye pedali) ndogo mbele, pinyo (gia ya gurudumu) kubwa nyuma (mimi nina meno 22 kwa 34), na miguu izunguke upesi bila kusukuma kwa nguvu. Badilisha gia kabla hujasimama, kwa sababu kuondoka mlimani ukiwa kwenye gia nzito ni kuanguka. Velo ikianza kuyumbayumba, shuka, tembea. Wenye velo za kawaida watakupita, na utawakuta kwenye mteremko.

6. Kuonekana. Uko chini, dereva wa lori anaona hewa. Bendera juu ya ufito wa mwanzi, kioo pande zote mbili, jaketi la kung'aa usiku. Taa ya mbele ikae kwenye ncha ya bomba. Ukiiweka nyuma ya miguu, barabara yote itajaa kivuli cha magoti yako.

7. Maji na kula. Mfuko wa maji nyuma ya kiti, mrija begani. Kula kidogokidogo: mikate, ndizi, karanga. Bukari na sombe usubiri ukimaliza. Kupanda mlima umelala na tumbo limejaa ni adhabu.

8. Jua. Uso unaangalia juu. Kofia yenye ukingo wa mbele, miwani.

MASWALI

MtotoWaKatuba: Bei gani? Inapatikana wapi?

Mwandishi: Siuzi velo. Yangu ilikuja kwenye kontena.

Likasi_Moja: Sasa kwenye mlima unasimama namna gani juu ya pedali?

Mwandishi: Hatua ya 5, sentensi ya kwanza.

Dada wa Ruashi: Yaya, asante kwa kazi hii. Mimi naendesha ya rafiki. Baada ya saa mbili vidole vya miguu vinakufa ganzi, halafu nyayo zinawaka kama nimekanyaga makaa. Viatu havinibani. Ni nini?

Mwandishi: Dada, swali zuri, nilipaswa kuliweka kwenye somo. Miguu yako iko juu, pengine juu kuliko moyo, damu inapanda kwa shida. Na unasukuma pedali kwa sehemu ileile saa nzima. Sogeza mguu mbele kidogo juu ya pedali, ili ekseli ya pedali ije karibu na katikati ya unyayo, siyo chini ya vidole. Legeza kamba za viatu kabla ganzi haijaanza, maana viatu visivyobana asubuhi vinabana mchana mguu ukivimba. Kwenye gia nyepesi nyayo zinapumua. Ukifika kituoni, simama wima, usiketi. Kuketi umekuwa ukiketi tangu alfajiri. Kumbuka: ukibadilisha mahali pa mguu, pima bomba upya. Utahitaji kuliingiza kidogo.

Dada wa Ruashi: Nimefanya jana, ganzi imechelewa sana kuja. Mungu akubariki.

KingaNgumu: Hii velo ni ya wavivu na wagonjwa wa mgongo. Ingekuwa nzuri tungeiona Tour de France.

Mwandishi: Huioni kwa sababu imekatazwa, siyo kwa sababu imeshindwa. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alipanda velo ya kulala iliyoundwa na Charles Mochet akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja, akaipita rekodi ya Oscar Egg ya 1914. Mwaka 1934 UCI, chama cha dunia cha mashindano ya velo, ikaandika upya maana ya velo ya mashindano, na hizi zikabaki nje. Breve si mashindano, sheria ile haituhusu. Ukitaka kuwaita wavivu, njoo Jumamosi.

Mwana_Shaba: Mukubwa, na ile breve kubwa ya Ufaransa, Paris-Brest-Paris, velo ya kulala wanaikubali?

Mwandishi: Wanaikubali, na velo za namna hii zina kundi lao la kuanzia. Paris-Brest-Paris ilianza 1891, sasa ni kila miaka 4, ijayo ni 2027. Ni kilomita kama 1200, na muda mrefu kabisa ni saa 90. Lakini mwaka uleule lazima uwe umemaliza 200, 300, 400 na 600 za klabu inayotambuliwa na Audax Club Parisien. Hizi tunazojiendeshea wenyewe hapa hazihesabiwi. Anza kuweka pesa ya viza sasa.

Mwana_Shaba: Na kama siku ile nikikosa 400 peke yake?

Mwandishi: Ukifanya ndefu zaidi inaweza kuziba pengo la fupi. Ndefu haizibwi na fupi.

MtotoWaKatuba: Sasa bei ya hiyo ya kontena ilikuwa ngapi?

Mwandishi: ...

Baba Makala: Mimi nabeba makala (makaa) kwa kinga, magunia matatu, miaka mingi. Kwa miiba, kata tairi ya zamani, toa zile waya za pembeni, uiweke ndani ya tairi mpya kabla ya mpira. Sisi wote tunafanya hivyo.

Mwandishi: Baba, heshima. Kwa kasi yangu inakuwa nzito kuzungusha, lakini kwa Kolwezi nitaiweka nyuma, mbele niache. Lainisha kingo za kile kipande, la sivyo kitakata mpira chenyewe.

Baba Makala: Paka na unga wa talki. Ule wa batoto.

Likasi_Moja: Gurudumu langu la mbele ni inchi 20. Nimenunua tairi 20 hapa sokoni, haiingii. Nimeivuta mpaka kucha zimetoka damu.

Mwandishi: Kuna 20 mbili za kawaida na hazikutani. Tazama namba ya ukubwa wa rimu kwa milimita, ubavuni kwenye tairi yako ya zamani. Ikiwa 406 (mara nyingi imeandikwa 20 x 1.75), chukua ya BMX au velo za watoto, zimejaa sokoni. Ikiwa 451 (20 x 1 3/8), ni nyembamba na kubwa zaidi, hiyo itabidi umwagize mtu. Mpira wa ndani wa 406 unaweza kukusogeza kwenye rimu ya 451 mpaka ufike nyumbani, lakini tairi hapana. Muuzaji akikuambia "20 ni 20", mwambie akuvalishie palepale ndipo ulipe.